Ukuta Ulioshika Mtandao

Juzi mwanangu alikuwa anazunguka sebuleni kwetu Kiseke, mkono juu, mdomo umevimba, analalamika kwamba mtandao unasumbua. Simu yake iko kwa fundi kule Mirongo, kwa hiyo nilimwazima kile kisimu changu cha zamani, cha vitufe. Nikajikuta namwambia, "Usizunguke nayo hivyo. Itafutie mahali pake, ikishashika uiache hapo, wewe ndiye uifuate." Akanitazama kama mtu anayejiuliza mama yake amepatwa na nini. Simlaumu, hakumkuta bibi yangu.

Wewe tuliyekua wote zama zile utanielewa bila maelezo marefu. Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, mbele kidogo ya Kayenze, kwenye kijiji kilichojibanza kati ya ziwa na mawe makubwa. Asubuhi uliamshwa na injini za mitumbwi inayorudi mwaloni, na kabla hujanawa uso harufu ya dagaa wanaoanikwa ilikuwa imeshakufikia. Nilifagia uwanja, nikachota maji, kisha bibi akanipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, mizito, ya kushibisha mpaka mchana. Sijaonja michembe kama ile tena, na nimeitafuta sana.

Mawe yale yalikuwa uzuri wetu, ila ndiyo pia yaliyotuzibia mtandao. Waliokuwa na simu walipanda jabalini kupiga, wakapiga kelele "haloo, haloo" mpaka ndege wakaruka, na bado simu zikakatika. Bibi aliponunuliwa simu na baba yangu hakutaka habari za kupanda majabali. Aliishika mkononi akaanza kutembea nayo pole pole, ukuta kwa ukuta, siku baada ya siku, akitazama vile vijiti vya mtandao kama mtu anayenusa mchuzi. Mwisho akavipata viwili kwenye ukuta wa jiko letu la udongo, upande wa nje. Akaweka alama ya mkaa, akapigilia msumari, akatundika kikombe cha plastiki, simu ikalazwa humo.

Sheria ikawa moja: "Simu haisogezwi, anasogea mtu." Kikombe kilikuwa chini kidogo na bibi alikuwa mrefu, kwa hiyo alipoongea na mama yangu siku za Jumapili alikunja magoti, akaegemeza bega la kulia ukutani, mkono wa kushoto kiunoni. Sauti ya sikioni ilikuwa imekufa, hivyo simu iliwekwa spika, na aliyekuwepo uwanjani alisikia yote. Majirani nao walipokelea simu zao pale pale.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia watu wale. Kila mtu alijua ya kila mtu, na hakuna aliyeyabeba kuyapeleka mwaloni. Mwalimu wetu wa hesabu alikataliwa na mchumba wake kwenye ukuta ule, mchana kweupe, huku mama jirani akichambua dagaa hatua chache tu kutoka pale. Mama jirani hakuinua hata uso. Kesho yake alimpelekea mwalimu sato mbichi, mkubwa, na maneno mawili tu: "Kula, mwalimu."

Sasa sikiliza. Mwaka huo mama yangu alikuwa mjamzito. Yeye na baba walikuwa wanaishi Kisesa, na siku zilipotimia mambo yakawa magumu, akapelekwa hospitali mjini. Asubuhi baba alipiga. Alisema mama anaingizwa chumba cha upasuaji, kwamba madaktari wamesema hali si nzuri, na kwamba atapiga mama akitoka. Bibi alikuwa amezika watoto wake wengine wote. Mama yangu ndiye aliyebaki.

Bibi hakulia. Alisema, "Mke mwenzangu, kachote udongo." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Kwetu mzazi akirudi na mtoto hupokewa kwenye nyumba iliyosiribwa upya, na bibi aliamua mwanawe atarudi. Tukakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe na majivu, tukaanza na jiko. Alisiriba kama mtu anayegombana na ukuta. Alipofika penye kikombe alining'iniza simu shingoni mwangu, akang'oa msumari, akapitisha udongo, akalainisha kwa kiganja. Ukuta ukawa mzuri, laini, unang'aa kwa maji.

Ndipo akaninyang'anya simu airudishe, akasimama. Alama ya mkaa hakuna. Tundu la msumari halionekani. Na simu haina kijiti hata kimoja.

Bibi akapapasa ule udongo mbichi akilitafuta tundu. Akaipitisha simu ukutani, juu, chini, hakuna kitu. Mama jirani akaja mbio na waya wa redio, akaizungushia simu. Hola. Mwalimu akaja, akatoa betri, akaipuliza, akaifuta laini kwa pindo la shati, akaifunga tena simu kwa ile raba iliyoshikilia mfuniko wake. Ikawaka vizuri, bila mtandao. Uwanja ukajaa watu, kila mmoja na ushauri wake, na mimi nawaza kwamba huko mjini baba anapiga na kuambiwa hatupatikani.

"Nyamazeni," bibi akasema.

Wakanyamaza. Akausogelea ukuta, akafumba macho. Akakunja magoti, akaegemeza bega la kulia kwenye udongo ule mbichi, mkono wa kushoto kiunoni, akainamisha kichwa vile vile anavyokiinamisha akiongea na mwanawe. Akakaa hivyo kidogo, anasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mke mwenzangu, niwekee simu hapa, sikio lilipo."

Nikaiweka. Vijiti viwili.

Hakuna aliyeshangilia. Udongo ulikuwa mbichi, msumari usingeshika, kwa hiyo ilibidi mtu aishike simu pale pale bila kuitikisa. Nikaishika kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kimejiegemeza ukutani, mpaka mabega yakaniwaka moto. Mama jirani akaniambia, "Toka, mwanangu, nikupokee." Baada yake mwalimu. Jua likashuka kuelekea ziwani, dagaa wa mama jirani wakaachwa bila kugeuzwa, na watu wakapokezana simu ile bila kupangwa na mtu.

Ilipoita, aliyekuwa ameishika ni mwalimu. Akabonyeza, hakuthubutu kusogea.

"Mama, shikamoo," sauti ya baba.

"Marahaba. Sema, baba."

"Mama, mwanao mzima. Ametoka salama." Nyuma yake tukasikia magurudumu ya kitanda yakipita. "Mtoto hatukumpata, Mama."

Bibi alikaa chini, pale pale kwenye matope. Lakini hebu elewa, rafiki yangu: hakuwa na kazi ya kumwambia mtu. Hakuulizwa na yeyote "vipi?" Mama jirani alishamkumbatia kabla baba hajamaliza. Mtu alishakwenda kubandika maji. Na mwalimu, machozi yanamdondoka kidevuni, alibaki ameishika simu ukutani bila kuitikisa, ili baba aendelee kusema aliyotaka kusema, na ili mama, kwa sauti ya mbali kabisa, aseme neno moja tu: "Mama." Bibi akaitika kutoka chini, "Nipo, mwanangu."

Ukuta ulikauka na viganja vyetu vyote, changu kidogo, cha mama jirani, cha mwalimu. Mama aliporudi alivikuta, akavipitishia vidole kimoja kimoja. Bibi hakuusiriba tena upande ule mpaka mvua zilipouangusha.

Siku hizi kijiji kile kina mnara wake juu ya mlima, na mtandao unashika hata ukiwa ndani ya mtumbwi. Ni jambo jema, sitasema vingine. Bibi alipofariki nilipigiwa nikiwa sokoni hapa mjini, mikono imejaa nyanya. Mtandao ulikuwa umejaa, sauti safi kabisa, simu nimeibana sikioni. Watu walinipita kulia na kushoto wakiuliza bei, na aliyeisikia habari ile nilikuwa mimi peke yangu.