Koo la Mgono

Mzee Valeriani hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza mgono, ule mtego wa samaki, unasukwaje, anakusogezea fito za mianzi na kukuambia, "Kaa, tazama." Miaka arobaini watu wa Namawala walivulia migono yake, na kazi yote ilikuwa kwenye koo, ule mdomo wa ndani unaobana, samaki aingie asijue pa kutokea.

Mwaka juzi akaja Jane, mbunifu kutoka Dar, na shikamoo zake za heshima. Alitaka migono ya kuning'inizia taa hotelini. "Ila koo tuliache, mzee wangu. Balbu haikai vizuri."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mgono bila koo, jamani, si tenga tu hilo? Lakini kazi ni kazi. Akasuka, na binti yake Brigitha akajifunzia humo humo kwenye oda za taa. Ile migono mikuukuu iliyotundikwa jikoni kwake Jane aliinunua yote, eti ya kale.

Mwaka huu kiharusi kikampiga mzee mkono wa kulia. Masika yalipojaza mabwawa, Brigitha akamsukia shangazi yake Siwema mgono, akaumalizia kwa nakshi. Siwema akautega siku tatu. Samaki waliingia, wakala pumba za chambo, wakajiendea zao.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Siwema akamwambia kaka yake. "Umemfundisha mtoto kusuka pambo."

Ilimuuma mzee sana. Wenzake waliojua koo walishazikwa, migono ya kijijini ilishaoza, na vijana wananunua nyavu dukani. Akamkalisha Brigitha, akashika fito kwa mkono wa kushoto, zikamponyoka. Akajaribu kueleza. "Unaanzia hapa, unakunja... hapana, sivyo." Alichokijua kwa vidole kilikataa kuja mdomoni. Akalia mbele ya mwanawe, wala hakujificha.

Brigitha akampigia Jane. "Dada, naomba unipigie picha ile migono ya zamani, kwa ndani." Jioni ile picha zikaja nne. Migono ya baba yake ilikuwa inawaka juu ya meza za wageni, na kwa kweli ilipendeza. Akazikuza moja moja. Ndani ya kila mgono koo lilikuwa limekatwa kwa kisu, kupisha balbu.

Akampa baba yake simu. Mzee akazipitia picha zote nne, akamrudishia.

"Mpigie tena," akasema. "Muulize makoo waliyatupa wapi."