Vita Nilivyoviondoa Kwenye Sinema Yetu

Nakumbuka Jumapili moja pale kwetu Bahati, mwanangu (nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu, nivumilie), siku tuliyoonyesha sinema yetu ya kwanza kwenye ukumbi wa kanisa. Tuliirekodi kwa simu. Ilikuwa hadithi ya wageni kutoka nyota nyingine waliokuja kunyonya mito yetu yote, na wanakijiji wakapigana nao mara nne katika mashamba ya mahindi.

Guka, babu yangu, alicheza askari mzee. Alishuka kutoka shambani kwake Keringet na koti lake la harusi, ng'ombe amemwachia jirani, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Leo mtaniona nikipigana na watu wa angani."

Kumbe asubuhi hiyo nilikuwa nimeondoa vita vyote. Rafiki yangu Kip, aliyeshika simu tukirekodi, alikuwa amenicheka: "Boss, hizo helmeti ni sufuria za mathe. Hadi masizi yanaonekana." Nikaona aibu, maana kweli zilikuwa sufuria za mama. Nikakata vya kwanza, nikakata vya pili, mkono ukazoea, nikamaliza vyote.

Basi sinema ikaenda mbio, nami nikajipongeza. Mpaka mwisho. Mkubwa wa wageni akarudisha mito, akampigia magoti mzee fulani, akaondoka. Mama mmoja akauliza, "Sasa huyo mzee ni nani? Na mbona wanaenda na walikuwa wanashinda?" Watu wakacheka. Guka alikuwa kiti cha mbele, kofia mikononi.

Nje hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na yale maji nilimpa yule mtoto?"

Ndipo nikakumbuka. Katika vita vya tatu, katikati ya moshi na sufuria, askari mzee anamkuta mtoto wa adui ameumia, anamnywesha maji ya chupa yake. Mtoto huyo ni wa mkubwa wa wageni.

"Vile vingine kata," Guka akasema. "Hata mimi vilinichosha, na hili goti langu. Lakini hapo ndipo yule mkubwa wao alipobadilika. Ukiniondoa hapo, anapiga magoti bure."

Watu wakinywa chai, tuliketi kwenye benchi, laptop mapajani, tukarudisha vita vya tatu peke yake, na sufuria zake. Kisha tukawaita tena ndani. Mkubwa wa wageni alipopiga magoti, yule mama alipangusa macho kwa leso. Guka akamgeukia. "Ni mimi huyo," akamwambia.

Kwa hivyo, mwanangu, ukitengeneza hadithi yako, usiogope kukata. Ila kwanza nenda mwisho, uangalie nani analia na nani anasamehe, halafu urudi nyuma utafute hayo yalipoanzia. Hapo usiguse, hata kama masizi yanaonekana. Na usipopaona, muulize aliyesimama kwenye hiyo picha, kabla hajavaa koti lake na kusafiri kuja kujiona.

Mungu akupe mkono usio na haraka, na mtu wa kiti cha mbele wa kukuambia ukweli polepole.