Faili Lipo, Mashine Hailioni

Macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu, aliendelea kuuza omena pale Kisumu Ndogo, Kibera, kama kawaida, maana dagaa hao aliwajua kwa vidole. Simu ndiyo iliyomshinda. Ujumbe ukiingia, ilibidi amwite jirani amsomee, au anisubiri mimi nitoke kazini. Hakulipenda jambo hilo.

"Habari zangu zinazunguka ploti nzima kabla hazijanifikia," aliniambia.

Ndipo nikaanza kuandika programu ya kumsomea ujumbe kwa sauti. Nilijifunika blanketi gubigubi kuzuia kelele za nje, nikarekodi silabi moja moja: ba, be, bi, bo, bu. Simu ingeziunganisha kuwa maneno. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikwenda vizuri, ila ilikuwa dhaifu mno kuigeuza kazi hiyo iwe programu ya simu. Kila nikijaribu, ilipata moto na kuzima. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, dada mmoja anayekaa mtaa wa Gatina, alikuwa na mashine yenye nguvu. Yangu ilitumia mfumo wa Windows, yake wa Linux. Hatukuona kama hilo lingekuwa shida.

Jumamosi asubuhi nikampelekea kazi yote kwenye flashi. Akaiendesha. Mashine ikasaga kidogo, kisha ikasimama na maandishi mekundu: faili la sauti halipatikani.

"Lakini lipo," nikasema. "Naliona hapo!"

Tukailaumu programu ya kujengea, ile inayogeuza kazi iwe programu ya simu, kwamba yake ilikuwa ya zamani kuliko yangu. Akapakua mpya. Wekundu uleule. Tukafuta kila kitu, tukaanza upya. Wekundu uleule. Nikashuka ngazi hadi barabarani, nikanunua soseji ya smoki, nikapanda nayo bila kuionja. Mama akapiga simu.

"Imekubali?"

"Bado, mama."

"Kuna ujumbe wa dada yangu umeingia tangu asubuhi. Sijampa mtu asome."

Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nikawa natoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni.

"Si ukae!" rafiki yangu akanikemea. "Unanizungusha kichwa. Hebu nisomee hiyo laini nyekundu, herufi kwa herufi."

Nikainama. "S, a, u, t, i."

"S kubwa ama ndogo?"

"Kubwa."

Akagusa jina la folda kwenye skrini. "Hii hapa ni ndogo."

Kwa mashine yangu, kubwa na ndogo zilikuwa jina moja. Kwa yake, hayo yalikuwa majina mawili, na folda niliyoitaja haikuwepo kabisa. Tukarekebisha. Ikasonga mbele, ikakwama kwenye silabi nyingine niliyoipa jina ovyo vilevile, tukarekebisha hiyo pia, na nyingine, mpaka ikamaliza bila neno jekundu hata moja. Chai aliyonitengea sikuinywa. Nikadandia boda mbio hadi Kibera.

Mama alikuwa nyumbani, ameketi kitandani, simu mapajani. Nikaiweka programu, nikamtumia ujumbe wa kujaribu: *Mama, nimefika*. Simu ikausoma kwa sauti yangu, kwa kukatakata, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akacheka mpaka akajipangusa macho.

"Kumbe hata humo ndani ni wewe!"

Kisha akaacha kucheka. "Nionyeshe pa kubonyeza kwa ule wa dada yangu."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka mahali pake. Hakubonyeza.

"Toka nje, baba. Na ufunge mlango."

Nikasimama nje. Kupitia mabati niliisikia sauti yangu ikisoma, polepole, silabi kwa silabi, ila maneno sikuyapata. Ikanyamaza. Nikadhani ataniita. Badala yake sauti ikaanza tena kutoka mwanzo.

Alipofungua mlango alikuwa amejifunga leso yake ya biashara. Aliniomba maji ya kunawa, akanawa uso, akasema anarudi kwa omena zake. Nilimsindikiza hadi kwenye meza yake. Njia nzima ulimi uliniwasha, na sikuuliza.