Mkono wa Kwanza Kutoka Siniani

Kabla sijapasuliwa nilikuwa mlaji. Sisemi mtu anayekula, maana kula anakula kila mtu. Nasema mlaji hasa, wa kutajwa. Nikienda harusini Mkwaja, wapishi walikuwa wakisikia nimeshuka garini wanainjika sufuria nyingine. Na wapo watu Muheza mpaka leo watakuapia kwamba nilimaliza kapu zima la machungwa nikisubiri gari la kurudi Tanga, maganda yakaziba njia. Kapu lilikuwa nusu. Ya maganda ni kweli.

Watu walinipenda kwa hilo tumbo, nami nililipenda. Mchana nilikuwa karani wa ghala, jioni nilikwenda kusoma masomo ya watu wazima, na cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na watoto wawili na mkanda wa suruali ulioongezwa ngozi na fundi viatu. Mwalimu wetu wa biolojia alipofika kwenye mfuko wa chakula, darasa zima liligeuka kuniangalia mimi.

Lakini kula kwangu kwa maana kulikuwa Ijumaa, nyumbani kwa baba. Baba akitoka msikitini hakuwa anaalika mtu. Alisema tu, "Haya, twendeni," kana kwamba wale watu wote wanalala kwetu. Tulikuwa watano: baba, majirani wawili wa mtaa uleule, mimi, na mzee mmoja wa Pemba, fundi cherehani, aliyekuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tuliketi ukumbini juu ya mkeka, mama akaleta sinia moja, mikono mitano ikaingia.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kikitafutwa. Sabuni foleni, unga foleni, na ukipanga foleni ndipo unauliza wanauza nini. Watu wakila ugali wa unga wa njano ambao mimi nilisema ungeweza kusimamisha ukuta. Sisi tulikuwa na bahati ya kijishamba cha baba kule Maramba. Nilikuwa nakwenda kulima mimi, siku zangu za mapumziko, tukapata mpunga wa kula Ijumaa na kidogo cha kuwagaia jamaa. Kwa hiyo Ijumaa kwa baba kulikuwa na wali wa nazi, mboga ya mchunga, na papa akipatikana.

Fundi hakuwa na lake. Nyuzi zilikuwa zimepotea madukani, vitambaa ndiyo usiseme. Alikuwa akifumua nguo kuukuu, anauzungusha ule uzi kwenye kijiti, kisha anashonea nguo nyingine. Siku hizo alikuwa akipata kazi moja kwa wiki, pengine hapati. Lakini umwambie, "Fundi, chukua kibaba hiki cha mchele," atakuangalia kama umemtukana mama yake. Kwetu alikuja kwa sababu alikuwa ni mtu anakula na wenziwe. Hilo halina aibu. Akiketi tu alianza na mimi.

"Gari la mizigo limeshafika," anawaambia wale majirani. "Haya tuleni, kabla halijapakia."

"Fundi, wewe kula. Nimekuachia upande wako wote."

"Upande wangu? Mwanangu, mie sinia hili sijaliona lina pande. Naona mkono wako tu."

Sasa kuna jambo inabidi nilieleze, kwa sababu ndilo lililoniponza. Kwetu mgeni hali baada ya mwenyeji kutoa mkono. Mwenye nyumba akishatoa mkono wake siniani, wewe mgeni, hata kama ndio kwanza tonge la tatu, unasema alhamdulillahi, unainuka kunawa. Kuendelea ni uroho. Baba alikuwa na meno manne, na hayakuwa yanakutana. Alikuwa anatoa mkono mapema, watu wamezoea. Mwenyeji nilikuwa mimi. Mkono wangu ukiwamo, sinia liko wazi.

Na baba alikuwa amenipa amri tangu nilipooa: "Usitoe mkono mpaka nikohoe." Nilidhani ananidhibiti. Nilidhani kile kikohozi maana yake ni, inatosha wewe mlafi, unatutia aibu. Nikawa nangojea akohoe, na alikuwa akichelewa, nami nikashukuru kuwa na baba mwenye subira.

Kisha siku moja ya kazi kidonda cha tumbo kikatoboka. Nilikuwa nacho miaka, nikikituliza kwa kula, maana nikila kinanyamaza. Siku hiyo hakikunyamaza. Nilianguka kati ya magunia, na walionibeba wanasema walikuwa wanane. Mimi nawakumbuka wanne. Nilipozinduka, daktari mgeni mwenye Kiswahili cha kuokoteza alikuwa ameshanikata mfuko wa chakula, ameondoa sehemu kubwa na kushona iliyobaki. Alinichorea nyuma ya karatasi. Nikamwambia amekosea, mimi nimeusoma, mfuko ni mkubwa kuliko hivyo.

"Wewe kusoma wa watu," akasema. "Hii yako."

Akanipa masharti. Kula kidogo, mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Usinywe maji ukiwa unakula. Sukari iwe mbali nawe. Sukari ilikuwa mbali na nchi nzima, kwa hiyo sharti hilo nililitii vizuri kabisa. Mengine yalinishinda wiki ya kwanza. Nikizidisha hata tonge moja, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka mpaka kwenye kope, miguu inakuwa maji, lazima nilale chini. Nyama zikaniondoka kama mtu aliyevua koti. Mkanda wangu ulinizunguka mara mbili, na hapo siongezi chumvi nyingi.

Mke wangu alisema, "Waambie watu ukweli."

"Niwaambie nini? Kwamba mume wako ana tumbo la kifaranga?"

"Kwamba umekatwa tumbo. Kuna aibu gani?"

Mimi niliona ipo. Mtaa mzima ulinijua kwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimetupwa kwenye ndoo ya hospitali. Nikatangaza kwamba nilikuwa na kidole tumbo, kimetolewa, nimekonda kwa uji wa wodini, subirini mwezi mmoja tu. Baba na mama nao niliwaambia hivyohivyo. Waliponijia wodini nilikuwa nimejifunika shuka mpaka kidevuni, na daktari nilimwomba asiseme.

Ijumaa ya kwanza niliyorudi siniani, mama alikuwa amepika kwa furaha. Nilikula matonge matatu, nikasikia jasho linaanza mgongoni. La nne nililiangalia, likaniangalia. Nikatoa mkono.

Mikono mitatu ikatoka pamoja na wangu, kama tumevutwa kwa kamba moja. Majirani wakashukuru Mungu. Fundi alikuwa na tonge lake njiani, akalimalizia, akafuta vidole ukingoni mwa sinia. "Alhamdulillahi, n'meshiba," akasema. Sinia lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Baba hakukohoa. Alinitazama mimi, kisha akalitazama sinia, kisha akanitazama tena.

Mama akaja kuondoa vyombo. "Mbona hamkula? Nani atakula mwiku wote huu?"

Akalibeba sinia mwenyewe.

Ijumaa ya pili nilileta ujanja. Niliuacha mkono ndani, nikawa nafinyanga tonge, nalizungusha, naokota punje mbili natia mdomoni, natafuna kama ng'ombe. Nadhani nilijitahidi vizuri. Lakini baba alikuwa amekaa bila kukohoa, na mimi nikawa naongeza punje na punje, mpaka ukumbi ukaanza kuzunguka. Niliinuka ghafla nikakimbilia uani. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshanawa, wameondoka.

Basi nikaona nimepata dawa. Nisiende tena. Nisipokuwepo, nikajiambia, watakula kwa raha zao bila kunitazama. Nikamwambia baba nimepewa kazi za ziada Ijumaa. Nilikaa ghalani saa hizo na kopo langu la uji, nikinywa kijiko baada ya kijiko, najiona mtu mwenye akili.

Sikufikiri fundi atafikiri nini. Yeye alijua nani analima Maramba. Akaona mkulima ametoka siniani mara mbili na chakula kimejaa, mara ya tatu hakuja kabisa. Akahesabu kwa akili yake ya adabu, akapata jibu: kijana amechoka kutulisha. Ijumaa iliyofuata alipotoka msikitini alipita njia ya nyuma. Baba alimngoja mlangoni mpaka wali ukapoa.

Mama akampelekea sahani, ameifunika kwa kawa safi. Fundi aliipokea, akashukuru, akaja kuirudisha jioni. Chakula kilikuwa kama kilivyotoka. "Mwambie mama," alimwambia mdogo wangu wa kike aliyefungua mlango, "mkono wake mtamu. Lakini mie si mgonjwa wa kupelekewa sahani." Siniani alikuwa mtu na wenziwe. Sahani mlangoni ni sadaka.

Baada ya wiki kadhaa baba alikuja kwangu kwa miguu, jambo ambalo halifanyi. Akakaa kwenye kiti, akakataa kahawa.

"Njoo Ijumaa."

"Baba, kazi."

"Njoo ukae tu. Usile sana kama huna hamu. Ukae."

Nikamsogezea kahawa tena.

"Unajua nilikuwa nakohoa kwa nini?" akauliza.

"Ili niache kula."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwanangu, nani angekuzuia wewe? Nilikuwa namtazama fundi. Akishiba yule, ndipo nakohoa. Sikukuweka pale ushibe wewe. Nilikuweka wapate kushiba wenzio." Akaongeza, "Kama kuna neno, sema."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ningesema maneno matatu tu: nimekatwa tumbo, baba. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, namwona vidole vyake vya miguu. Nikasema, "Hakuna neno. Kazi tu zimezidi."

Baba akavaa viatu vyake. Nimeshasema uongo mwingi wa kuchekesha maishani, na karibu wote nimeusahau. Huo mmoja naukumbuka mpaka sauti niliyousema nayo.

Mwaka ukapita, na kidogo. Madukani vitu vikaanza kurudi, kwanza kwa kificho, kisha hadharani. Biashara ikawa ruksa. Mitumba ikaja kwa marobota, nami nikajinunulia suruali za watu wembamba wa Ulaya. Lakini moja ilikuwa nzuri na kiuno kikubwa, nikaipeleka kwa fundi, kwa sababu nilikuwa natafuta sababu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakunitania. Yeye pia alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, nami nikajifanya sijaona. Akanizungushia tepu kiunoni, akaipandisha juu kidogo, shati langu likavutika. Akaona kovu. Limenishuka katikati ya tumbo, kutoka kifuani mpaka kitovuni.

"Hiki ndicho kidole tumbo?"

"Ndicho."

"Mwanangu, mie nimeshona kanzu za wanaume tangu hujazaliwa. Waliotolewa kidole tumbo kovu lao liko hapa, chini, kulia." Akanigusa mahali penyewe. "Hili la kitu gani?"

Nikamwambia. Yote, mpaka punje mbilimbili na kopo la uji. Alisikiliza ameishika tepu kwa mikono miwili. Nilipomaliza alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ungenambia," akasema. "Ningekula mie sehemu yako na yangu. Nilikuwa nayo njaa ya kutosha watu wawili." Akatikisa kichwa. "Na mie nikasema, huyu kijana ametuchoka, kwa nini nimlaumu. Kumbe sote tulikuwa tunaoneana haya."

Tukakubaliana Ijumaa ijayo. Nikaenda mbio kumwambia baba, na hapo mbio ni mbio kweli, maana sikuwa tena na mzigo. Nilimkuta ameketi barazani, nikamweleza. Hakunikaripia. Alitazama tumbo langu muda mrefu, akasema, "Ulikuwa unaumwa peke yako," basi.

Jumatano baba akapigwa na kiharusi.

Alipona nusu. Upande mmoja ukalala, na maneno yakawa machache, hayaeleweki. Mama akawa anamlisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Masharti nilimfundisha mimi.

Ijumaa moja ya mwezi uliofuata tulitandika mkeka mlangoni mwa chumba chake, ili atuone kutoka kitandani. Mchele safari hii ulikuwa wa dukani, mweupe, wa ng'ambo, kila duka limepanga magunia. Majirani wawili walikuja, fundi akaja na kofia mpya. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikula tonge langu la kwanza taratibu, nikapanga mkono wangu nitauacha umelala pale ukingoni, ndani ya sinia, hata ikifika alasiri. Fundi akala. Nilimwona anakula kama mtu anayerudi nyumbani.

"Gari la mizigo sasa baiskeli," akasema, na majirani wakacheka, nami nikacheka.

Hapo baba akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mgonjwa, mate yamemkwama. Mama alikuwa tayari ameinuka kumfuta. Lakini mkono wangu ulishatoka. Miaka yote ile ya kutii, ukatoka wenyewe kabla sijafikiri. Nao majirani wakatoa. Nikamtazama fundi, na wake ulikuwa hewani, una tonge.

"Endelea, fundi," nikamwambia. "Siyo kile cha zamani. Ni ugonjwa tu."

"Najua," akasema, akalirudisha tonge siniani taratibu. "Lakini mie nilikuwa nangojea kile kikohozi miaka yote, mwanangu. Nilijua ni changu, cha kusema fundi kashiba. Sasa nitakulaje juu yake?"

Akainuka kunawa. Baba kitandani alikuwa anajaribu kusema kitu, anauinua mkono wake mzima na kuushusha, anatuelekezea sinia.