Nilimlazimisha mke wangu achague fani moja. Alichagua, na mimi ndiye ninayelipia

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, nacheka na nyuzi zenu kisha napita zangu. Leo zamu yangu. Nitakachosimulia ni cha kweli, na sehemu kubwa kinaniaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kukipamba.

Nipo Karatu mjini, ila kwetu hasa ni kijijini Buger. Nilikuwa driver guide kwa miaka kumi na minne. Kwa msio wa huku, huyo ndiye anayeendesha gari la watalii, na ndiye huyo huyo anayewaeleza simba kalala wapi na nyumbu wanakwenda wapi.

Kwanza mjue nilivyokuwa nafikiri.

Marehemu baba alilima mahindi na maharage. Alichonga mizinga ya nyuki, aliunga mifupa, aliezeka nyumba za watu, na kwenye harusi ndiye aliyepiga ngoma. Buger nzima walimjua, na bado kuna siku tulilala njaa. Nikiwa darasa la sita nikaapa kwamba mimi nitakuwa mtu wa kitu kimoja tu. Sikujiuliza kama njaa ile ililetwa na mizinga au na ukame. Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu.

Nikasomea uguide Arusha, nikapata kampuni, nikashika usukani. Kulima sijui, nyundo sijui kuishika, hata ugali nikipika unakuwa uji. Na nilikuwa najisifia hivyo mbele za watu.

Mke wangu, Mama Deo, ni kinyume changu kabisa.

Asubuhi alifundisha chekechea ya kanisani. Mchana alishona. Jumamosi ni kwaya, na nusu ya nyimbo zao alitunga yeye. Katikati ya hayo yote alikuwa anachora ndege.

Alikuwa na counter book moja kubwa la jalada gumu. Kila ukurasa ndege mmoja: korongo mwenye taji, hondohondo, kwezi, tai, chozi. Alichora kwa penseli na rangi za watoto wa chekechea, na alijaza mpaka mistari ya daftari ikawa haionekani. Chini ya mchoro aliandika jina la Kiswahili, la Kiiraqw na la Kimasai, na wazee wanasema nini ndege huyo akilia alfajiri au akitua juu ya nyumba.

Majina ya Kiiraqw alipewa na mzee mmoja jirani yetu kule Buger. Ya Kimasai aliyapata kijiji cha Kakesio, kwaya yao ilipokwenda kule kwa injili wiki nzima. Wenzake wakipumzika, yeye anakaa na koko mmoja, ndivyo Wamasai wanavyomwita bibi. Anaiga sauti ya ndege kwa mdomo, koko anacheka mpaka anafuta machozi, halafu anamtajia jina. Daftari lile lilimchukua miaka saba.

Mimi nilikuwa naliita "midoli yako".

Sasa ikaja komunyo ya kwanza ya mtoto wetu, Deo. Nikaalika maguide wenzangu, tumekula, tumekunywa. Mmoja akauliza kwa utani, "Kwani shemeji hasa ni nani? Mwalimu, fundi, au mwimbaji?"

Mke wangu akajibu akiwa na sinia mkononi, "Vyote, shemeji, na bado."

Watu wakacheka sana. Wakuu, mimi niliona aibu. Nilimwona baba yangu pale na ngoma yake.

Wageni walipoondoka tu nikaanza. "Mama Deo, mtu mzima ana fani moja. Chagua moja, mengine acha. Watu wanatucheka."

"Hawajatucheka, Baba Deo. Wamecheka na sisi."

"Nimesema chagua."

Siku tatu aliendelea na yote kama kawaida. Ya nne akaniambia amechagua cherehani, kwa sababu ndiyo inayoleta chakula. Chekechea akaaga, kwaya akaaga. Daftari akalifunga kwenye kanga na kuliweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Mbele yangu hakulia, na mimi nikajiona mwanaume mwenye msimamo.

Mwaka uliofuata nikapangiwa mgeni mmoja, bibi mstaafu, mpenda ndege. Guide yeyote atakwambia hao ni watu wa aina yao. Simba yuko mita kumi, yeye anakusimamisha dakika arobaini kwa ndege mdogo wa kahawia. Na mimi kwenye ndege nilikuwa mweupe kabisa.

Basi siku moja kabla ya safari, mke wangu akiwa sokoni, nikafungua sanduku nikalitoa daftari. Sikumwambia. Nilijisemea naazima tu.

Siku sita nilikuwa profesa. Kreta ya Ngorongoro, nyika za Ndutu, kote nilikuwa nataja ndege kwa majina matatu na hadithi juu yake. Bibi yule akashika daftari, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza nani amechora.

Nikasema mimi.

Mpaka leo sijui kwa nini. Lilinitoka tu. Lakini yule bibi alivyoniangalia baada ya hapo, nilijisikia mtu zaidi ya dereva.

Sasa sisi maguide tuna kamchezo ketu siku ya mwisho. Kabla hamjaagana unampa mgeni zawadi ndogo, pakiti ya kahawa ya huku kwetu au shuka. Moyo ukilainika, na tip inalainika. Siku hiyo kahawa nilikuwa nimesahau kununua. Bibi alikuwa amelipakata daftari, analipapasa jalada. Nikamwambia chukua, ni zawadi yako.

Alilia yule bibi. Na tip ilikuwa nzuri, sitawaficha. Nilijiambia mke wangu ameshaachana na hayo mambo, nani atalitafuta.

Haikupita miaka miwili mgongo wangu ukagoma. Ile barabara ya vumbi na mawe ya kushuka kuelekea Serengeti inamla guide polepole, hajijui. Daktari akasema usukani basi. Kampuni ikanipa pole na barua. Nikarudi nyumbani mtu mzima, sijui kufanya kitu kingine chochote chini ya jua, na nyumba yote ikabebwa na cherehani.

Siku moja akaja Madam Rehema, mwalimu mwenzake wa zamani wa chekechea, anahema. Kuna lodge mpya huku juu inatafuta mtu wa hapahapa wa kutembeza wageni asubuhi kuangalia ndege. Awe anajua majina ya kienyeji. Akijua kuchora ndiyo kabisa, maana wanataka kutoa na kitabu kidogo kwa shule za Karatu.

"Nimewaambia nina mtu," akasema. "Wanataka kuliona daftari Ijumaa."

Sijawahi kumwona mke wangu vile. Alicheka, akashika mashavu, akanigeukia. "Baba Deo, unaikumbuka midoli yangu?"

Akaenda sandukuni.

Alitafuta siku mbili. Alitoa nguo zote, akakung'uta magunia ya mahindi, akapanda gari kwenda kwa mama yake Buger. Alimbana Deo kama alilipeleka shule, mtoto akaapa huku analia. Mimi nimekaa kwenye kiti na mgongo wangu, namwambia, "Tafuta vizuri, litakuwa humo humo."

Wakuu, hayo maneno ndiyo yanayoniuma kuliko yote niliyofanya.

Wakati huohuo, kimyakimya nilikuwa nimemwandikia yule bibi mgeni barua pepe. Jibu likaja Alhamisi, limejaa furaha. Aliniambia daftari alilichana ukurasa mmoja mmoja akaweka kwenye fremu. Kila mjukuu amepata ndege wake, waliobaki amewagawia marafiki. Akanitumia na picha ya ukuta wa sebuleni kwake. Korongo mwenye taji ndani ya fremu nyeupe, chini yake kibao kidogo chenye jina la mchoraji.

Jina langu.

Sikuwa na ujanja tena. Nikampelekea simu pale kwenye cherehani. Alisoma yote, Kiingereza anakijua kuliko mimi. Akaivuta picha ikawa kubwa, akamwangalia korongo wake muda mrefu, halafu akashuka kwenye kibao. Nilijiandaa kwa lolote, maana mkasi ulikuwa karibu yake.

Akasema, "Kumbe na wewe ulikuwa na fani mbili, Baba Deo."

Akanirudishia simu, akaendelea kushona.

Ijumaa hakwenda. Rehema alimsihi aende akachore mbele yao, mkono si upo? Akamjibu, "Kuchora nitachora. Majina je? Mzee wa Buger tumemzika, koko wa Kakesio naye hayupo. Nitamuuliza nani?"

Kazi akapewa mtu mwingine kutoka nje ya wilaya. Nasikia wageni anawatajia majina ya Kiingereza tu.

Juzi nilikuwa namlalamikia mjomba mambo ya baba na umaskini wetu. Akaniangalia kama mtoto mjinga. Akasema mwaka ule wa ukame nyumba nyingi zilihama, sisi tukabaki kwa asali ya mizinga ile na mahindi aliyopewa baba kwa kuunga mifupa. Nikaaga nikaondoka.

Nilichojifunza ndicho hicho. Mtu mwenye mikono mingi usimkate mikono ili afanane na wewe wa mkono mmoja. Nilimwona mke wangu hana mwelekeo, kumbe asiye na kitu nje ya usukani nilikuwa mimi. Siku hizi kazi yangu ni kupiga pasi nguo anazoshona na kukata nyuzi. Naifanya vibaya, na yeye anairudia.

Nilimnunulia daftari jipya, karatasi nzuri, na penseli za rangi. Penseli zipo kwenye pakiti yake. Daftari analitumia kuandikia vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Jana nikamwonyesha kurasa tupu za nyuma, nikamwambia chora hata mmoja tu.

"Ulisema moja, Baba Deo."

Basi wakuu, matusi ruksa, nimeyatafuta mwenyewe. Ila kama mna babu au bibi Karatu, Mbulu, Ngorongoro, anayejua majina ya ndege kwa Kiiraqw au Kimasai, tafadhali niandikieni hapa chini, hata moja moja. Nitayanakili mwenyewe kwa mwandiko wangu mbaya, na safari hii kwenye jalada nitaandika jina la Mama Deo.