Mashairi ya Mjane wa Nguba

Mapenzi yangu ya vitabu vya mashairi yalianzia kwa mjane mmoja Mwingereza aliyeishi mtaa wa Nguba, katika nyumba iliyotazama ziwa. Marehemu mume wake alikuwa na shamba la chai upande wa Kalehe. Mimi nilifundisha Kiingereza kwenye lise, sekondari ya wasichana. Rafu yake nzima ilikuwa mashairi ya wanawake wa Uingereza, wa enzi za Malkia Viktoria, yote chapa ya kwanza. Alinifundisha kuyatambua: uangalie mwaka kwenye ukurasa wa jina, usikute popote neno la kuchapwa upya.

Serikali ilipotangaza kwamba mali za wageni zipewe Wazairwa, wenye nchi, alianza kunigawia vitabu, kimoja kimoja.

"Chukua, mwalimu. Hapa havitadumu."

Kila nilipokwenda, kitu kingine kilikuwa kimetoweka: piano, kisha mpishi wake wa miaka yote, kisha mbwa. Nilipouliza habari za mbwa, alifunga pazia.

Alasiri moja nilikuta geti wazi. Barazani alikaa mwanaume aliyevaa abakosti, koti la wakubwa wa serikali, akinywa chai kwa kikombe cha mjane.

"Maman mwalimu," akasema, ingawa hatukuwahi kuonana. "Unatafuta nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba njo miye. Ule muzungu alisafiri." Akaweka kikombe chini. "Na bitabu byake, biko wapi?"

"Sijui."

"Haizuru. Tutakuya kukusalimia, maman. Nyumba yako tunaijua."

Mume wangu aliposikia alibadilika rangi. "Ile bitabu itatumaliza. Tupa mu ziwa!" Sikuweza. Nilivizika ndani ya gunia la maharagwe, nikampelekea dada yangu aliyeishi Minova.

Walikuja Jumapili, tumetoka misa. Yule bwana na mwenzake walikunywa bia yetu, wakatazama rafu, wasiulize kitu. Wakiondoka, alimpapasa binti yetu kichwani.

"Mutoto muzuri. Anasoma wapi?"

Wiki ile ile binti alihamia kwa dada yangu, na wale mabwana hawakurudi tena.

Habari za mjane niliziuliza kwa masista, nikaziuliza posta. Mmoja alisema mjane alivuka mto Ruzizi, mpakani, salama. Mwingine, aliyefanya kazi mpakani, alisema huko hakufika kabisa, kisha akanishika mkono: "Maman, acha kuuliza."

Nikaacha.