Waruguru Hawashi Gari Kabla Hajauliza

Saa tatu asubuhi mjini Thika, Waruguru, mwalimu wa udereva, ameketi upande wa abiria wa gari la mafunzo, ufunguo umo ndani ya ngumi yake. Kwenye usukani yuko Surekha, nyanya wa wajukuu wawili. Nyuma yuko mumewe Kirit, mwenye duka la vitambaa.

Magotini mwa Waruguru kuna ubao wenye mchoro wa barabara, na juu yake kigari chekundu cha plastiki.

"Mama, kiweke pale unapotaka kufika leo."

Kirit anapenyeza mkono na kukisukuma kigari hadi kwenye raundabauti, mzunguko wa barabara. "Afanye hii. Ndiyo huangusha watu kwenye mtihani."

Waruguru anakirudisha katikati. "Mzee, wewe unajua kuendesha. Nimemwuliza mama."

"Anayelipa ni mimi."

"Na atakayekanyaga breki ni yeye."

Ni miaka tisa sasa Waruguru anaanza kila somo hivi. Mwanafunzi ataje jambo moja, wakubaliane watajuaje ameliweza, kisha gari liwashwe. Mwas, mwalimu mwenzake, humchokoza: "Waruguru, watu wamekuja kushika usukani, si kuungama."

Yeye hajali. "Nilipofunzwa, niliambiwa tu 'twende'. Nikapata leseni nikiogopa mlima. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Msimamo huo una gharama. Analipwa shilingi mia tatu kwa somo, na maongezi hula muda wake. Wiki jana Kirit alilalamika kwa simu kuwa maongezi ni mengi na raundabauti haijafanywa, na Gachau, mwenye shule, akamwonya: akisikia malalamiko mengine, aache ufunguo mezani na kwenda zake. Waruguru anamlea binti aliye sekondari, peke yake, katika nyumba ya kupanga Ruiru.

Hata hivyo ngumi haifunguki.

Surekha anakitazama kigari kwa muda. Anakichukua, anakigeuza, anakiweka mbele ya nyumba, sehemu ya nyuma ikielekea barabarani.

"Geti letu ni jembamba," anasema kwa sauti ndogo. "Nyumbani wote husema sitaweza kulitoa gari. Raundabauti nitaifikia wapi kama sitoki getini?"

Kirit anacheka kidogo. Halafu anaacha.

"Tutajuaje umeweza?" Waruguru anauliza.

"Nikifika barabarani na huyu mume wangu hajashuka kunielekeza."

Waruguru anampa ufunguo.

Nyumbani kwa Surekha, gari likiwa uani, anaanza kulitoa kinyumenyume getini. Mara ya kwanza kioo cha pembeni kinakwaruza nguzo. Mara ya pili chungu cha maua kinapinduka, na Kirit anashika mlango ashuke.

"Kaa, Kirit," anasema mkewe, bila kugeuka.

Anakaa. Mara ya tatu gari linatoka lote.

Wanaporudi shuleni, Gachau anasubiri mlangoni. "Raundabauti mmefanya?"

"Hatujafanya. Nimemwuliza tena mama anataka nini," anajibu Waruguru, na kumnyooshea ufunguo. "Chukua, bosi. Ukinirudishia, kesho nitauliza tena."

Gachau anamtazama Kirit, akingoja lawama. Kirit anapangusa kwenye suruali udongo wa chungu alichokiinua gari lilipokwisha kutoka.

Surekha ameshaushika ubao. Anakiweka kigari kwenye raundabauti, kwa mkono wake. "Kesho ni hapa. Na mwalimu ni huyu."

Gachau anarudi ofisini. Ufunguo hakuuchukua.

Waruguru anataka kufungua shule yake Ruiru. Gari hana bado, lakini ubao mwingine ameshauchora na umetundikwa sebuleni kwake.

"Siku Gachau akiuchukua huo ufunguo, nitaanza na ubao," anasema. "Swali langu halihitaji petroli."